Sahani ya Klachi kutoka Bujumbura

Kariakoo, Dar es Salaam
2 Mei 1966

Mke wangu Bibi Melania,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na dagaa wanakauka vizuri. Mimi mzima, nakula, na kabla hujauliza, bado sijaoa.

Bibi, nina jambo linalonifanya niache wali nusu sahani. Bwana Bonaventura, yule wakili mwenye gereji ninayofanyia kazi, ana gari dogo jekundu la viti viwili, halina paa, alirudi nalo kutoka masomoni Ulaya. Tumelitoa injini yake tukalitia nyingine ya silinda sita, ya gari kubwa lililopinduka Chalinze. Injini hii ikinguruma, vikombe vya muuza chai jirani yetu vinatembea mezani. Tarehe 10 Julai kuna mashindano ya magari, kutoka hapa mpaka Morogoro, halafu kupanda mlima kwa barabara ya vumbi. Kwa injini hii tunaweza kuwa wa mbele.

Shida ni klachi. Klachi ni sahani ya duara iliyobanwa kati ya injini na magurudumu. Dereva akikanyaga pedeli, sahani inaachia na injini inazunguka peke yake. Akiinua mguu, sahani inakamata na gari linakwenda. Yetu ilitengenezwa kwa injini ndogo. Sasa ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari limezubaa, na harufu ya kuungua inatufukuza gerejini. Sahani inateleza. Springi kali ya kuibana nimepata. Sahani ya kuivumilia springi hiyo hapa Dar hakuna, na ikiagizwa Ulaya itafika Septemba. Bwana Bonaventura amesema Juni ikiisha bila klachi, injini ndogo inarudi na mashindano tutayasikia kwa watu.

Nasikia Bujumbura yupo fundi anaitwa Dunia, Mkongo wa ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akitengeneza magari ya mashindano ya Wabelgiji. Wewe una watu wako wanaopeleka dagaa huko. Nakuomba umtume mmoja mwenye akili. Uzi uliomo humu ndani ndio upana wa sahani. Katikati pana tundu lenye meno kumi. Siyo tisa.

Mume wako,
Leodgar

Kibirizi, Kigoma
10 Mei 1966

Mume wangu Leodgar,

Marahaba. Agnesi mshona nguo amenisomea barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anatafuna muwa. Sasa anaandika ninavyosema, nimemkataza kunipambia maneno.

Unanieleza klachi kama unamweleza mtoto. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini kokoro nimevuta miaka thelathini. Watu kumi na wawili mchangani wanavuta kamba ya wavu, ziwa nalo linavuta kwake. Yule anayeibana kamba kwa wogawoga, kamba inampita kiganjani na kuondoka na ngozi. Anayeikamata mara moja, haungui. Hiyo harufu ya gari lenu ni ya mkono unaobembeleza kamba. Umeona? Klachi hiyo.

Mtu mwenye akili wa kumtuma Bujumbura nimemtafuta. Yule Feliksi wa dagaa nilimwagiza sindano ya cherahani ya Agnesi akaleta kijiko. Wengine ni hivyo hivyo, wanakwenda na jambo moja kichwani nalo ni bia. Niachie mimi.

Lakini kuna jambo hukuliandika. Barua ndefu, injini, vikombe, mlima, ila hukusema nani anakaa kwenye usukani. Niambie.

Na kula wali wote. Nusu sahani ni ya wagonjwa.

Bibi yako,
Melania

Kariakoo, Dar es Salaam
17 Mei 1966

Mke wangu,

Shikamoo. Anayeendesha ni Bwana Bonaventura. Gari ni lake. Mimi nitangoja Morogoro na spana zangu, akifika na tatizo nitengeneze. Kazi hiyo nayo ni kubwa.

Nimepata habari kwa dereva wa lori aliyetoka huko: fundi Dunia amebakiwa na sahani mbili za upana wetu. Ya kwanza imevishwa kitambaa kigumu kilichosukwa pamoja na waya. Hiyo ni pole, inakamata taratibu, mtu yeyote anaiweza, ila ikipata moto sana inachoka. Ya pili haina kitambaa. Ina vipande vya unga wa shaba ulioshindiliwa na kuokwa, na moto haiuogopi. Lakini inakamata ghafla kama mbwa. Dereva asiyeizoea, gari litaruka na kuzimika.

Bwana Bonaventura mguu wake ni wa mtu wa ofisini. Kwa hiyo tafadhali iwe ya kitambaa. Mwambie utakayemtuma arudie njiani: kitambaa, kitambaa.

Na naomba usicheke. Nimemwambia bwana kwamba nina wakala Kigoma. Akauliza wakala huyo ana uzoefu wa miaka mingapi. Nikasema sitini na mitatu.

Mume wako,
Leodgar

Kibirizi, Kigoma
6 Juni 1966

Mume wangu Leodgar,

Marahaba. Wakala wako anakusalimu.

Nimekwenda mwenyewe. Usianze kupiga kelele, umeshachelewa, nimesharudi. Nilipanda meli na magunia manne ya dagaa, ziwa letu lilikuwa na mawimbi na akina mama watatu walitapika karibu yangu, mimi nikala muhogo wangu. Bujumbura nikauliza fundi Dunia, wakanionyesha mtu mfupi mwenye kidevu cha mvi, amekaa juu ya tairi anasikiliza redio. Nikamwambia nataka klachi ya gari la mashindano. Akanitazama kanga, akanitazama ndala, akaniambia mama, mbegu za mchicha zinauzwa duka la tatu. Nikamtolea uzi wako. Nikamwambia meno kumi. Akazima redio.

Alizileta zote mbili. Nikapima kwa uzi, nikahesabu meno kwa kidole, ya kitambaa kumi, ya shaba kumi. Nikamuuliza ipi ni nzuri. Akasema mama, hakuna nzuri, kuna inayofaa mguu. Akauliza: "Mguu utakaoikanyaga ni wa nani?"

Leodgar, hapo niliizungusha ile ya kitambaa mkononi. Nikayakumbuka maneno yako, kitambaa, kitambaa. Halafu nikamwambia fundi ni mguu wa mjukuu wangu, ana miaka ishirini na sita, alijifunza lori la misheni akiwa hajafika pedeli, na alilipandisha kilima cha Gungu na mzigo wa saruji bila kurudi nyuma hata hatua moja. Dunia akaisukuma ile ya kitambaa pembeni.

Nimekuletea shaba. Bwana wako umemchagulia wewe. Mimi nimekuchagulia wewe.

Fundi alinisisitizia njiani isiguswe na maji, kutu ni adui. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Chuma chochote hapa ziwani, jembe, nanga, ndoano, dawa yake ni moja. Nimeipaka mawese, yale mazuri ya Simbo, pande zote mbili na ndani ya meno, mpaka imeng'aa kama bibi harusi. Nikaifunga jani la mgomba, nikaifunga kitenge, nikaitia guniani. Imepanda treni ya mizigo leo. Maji hayataiona.

Wakala wako,
Melania

Kariakoo, Dar es Salaam
7 Juni 1966

Mke wangu,

Shikamoo. Naandika haraka, treni ya barua inaondoka. Kuna jambo nililisahau, nikaruka kitandani nilipolikumbuka. Sahani ya klachi haipendi mafuta. Mafuta ya aina yoyote, hata tone. Mtu aliyetoka kula ugali na mawese asiiguse kabla hajanawa kwa sabuni. Ikilambwa na mafuta itateleza milele, itakuwa sahani ya kulia chakula tu. Mwambie utakayemtuma.

Najua nakusumbua. Ni kwamba nikifumba macho nauona ule mlima.

Leodgar

TELEGRAMU
KIGOMA 13 JUNI 1966
USIIFUNGE INA MAWESE NI MIMI
BIBI

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Juni 1966

Bibi Melania,

Shikamoo. Telegramu, barua yako na gunia vimefika siku moja, gunia likitangulia.

Nililifungua mbele ya Bwana Bonaventura, kwa sababu nilitaka aione kazi ya wakala wangu. Kikatoka kitenge. Ndani ya kitenge likatoka jani la mgomba. Ndani ya jani ikatoka sahani, nyekundu, inachuruzika mawese. Bwana akauliza kama Kigoma klachi huliwa kwa ugali au kwa wali. Mafundi wakacheka, mmoja akakaa chini kabisa. Mimi sikucheka. Wala siyo niliyoagiza, Bibi. Niliandika kitambaa. Niliandika mara mbili. Hukumtuma mtu mwenye akili, ulikwenda wewe, na bado haikusaidia.

Zimebaki siku ishirini na sita.

Nimeiosha kwa petroli mara tatu, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaiweka juu ya jiko la mkaa. Mawese yakaanza kutoka kwenye vitundu vya shaba, yakitokota. Mtaa mzima ukanukia. Mama wa nyumba ya pili akaja na bakuli kuuliza tunakaanga nini. Nimeigeuza, nimeiosha tena, nimeichoma tena. Sasa imetoka kavu na kijivu, ukipitisha kidole hakiachi alama. Kama itashika, sijui.

Nimekasirika. Lakini lazima niandike na hili, kwa kuwa ni kweli: ile ya kitambaa ingeyanywa mafuta yote ikafa. Hakuna jiko la kuifufua.

Leodgar

Kibirizi, Kigoma
20 Juni 1966

Leodgar,

Marahaba. Mawese ni kosa langu. Nimelisema mbele ya Agnesi na mbele ya wanawake wote wa pale kwenye vichanja vya dagaa, wala sikuficha. Barua yako ya mafuta ilipofika, nilishika njia ya Kigoma mjini kwa miguu, ndala moja ikakatikia njiani, nikaingia posta na mguu mmoja mtupu. Karani akasema maneno yakizidi gharama inazidi. Nikamwambia andika NI MIMI, hayo nalipa.

Lakini shaba siyo kosa. Usichanganye makosa yangu na kazi yangu.

Wewe ulipokuwa mdogo ukitaka nyama, ulikuwa unaniuliza kama paka ameshiba. Hata sasa ni yule yule. Unaniandikia mguu wa bwana, mguu wa bwana. Unaniandikia spana Morogoro. Halafu unaniambia ukifumba macho unauona mlima. Mtu anayengoja na spana, mlima unamhusu nini?

Mimi siwezi kukuombea kwa bwana wako, niko mbali, na tena ningemtukana. Nakuuliza neno moja, nijibu kwa neno moja. Unataka kuendesha hilo gari au hutaki?

Bibi yako

Kariakoo, Dar es Salaam
27 Juni 1966

Mke wangu,

Nataka.

Nimeliandika kwanza ndipo niseme shikamoo. Shikamoo. Sasa sikiliza.

Jumamosi tulilifunga giaboksi, tukalipeleka gari barabara ya Pugu. Bwana Bonaventura akakaa kwenye usukani, akavaa glavu. Akakanyaga klachi, akatia gia, akainua mguu taratibu kama anavyofanya siku zote. Gari likaruka kama mbuzi likazimika. Mara ya pili likaruka zaidi. Mara ya tatu kofia yake ikabaki nyuma barabarani. Mara ya nne tukaingia kwenye fungu la kokoto za watu wa ujenzi. Akashuka, akafuta miwani, akasema kwa sauti ya mahakamani kwamba wakala wangu amenunua klachi isiyoendesheka.

Nikaomba nijaribu kulitoa kwenye kokoto. Kulitoa tu, hivyo ndivyo nilivyosema. Bibi, sijui nikuelezeje. Sahani ile haitaki kubembelezwa. Unaipa injini pumzi, unainua mguu mara moja, na wewe mwenyewe usiwe na shaka. Likaondoka. Kokoto zikaruka nyuma, nguvu ya silinda zote sita ikashuka chini kwenye matairi, hakuna kilichoteleza, hakuna harufu. Nilikwenda mpaka juu ya kilima na kurudi, na niliporudi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Bwana alikuwa ameketi kwenye kokoto. Akasema vizuri sana, sahani inashika, sasa atapiga simu Nairobi, kuna dereva huko amezoea klachi za namna hii.

Barua yako ilikuwa haijafika, imefika leo. Hukunisukuma wewe. Nikamwambia mwenyewe: "Bwana, dereva nipo."

Malori mawili yalipita. Halafu akanipa glavu, zikanibana, nikamrudishia. Akasema, "Basi mimi nitashika ramani."

Naendesha mimi, Bibi. Ni mimi.

Mume wako,
Leodgar

Kibirizi, Kigoma
2 Julai 1966

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Agnesi amesoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimesimama tena. Nimepita kwa wenye mitumbwi, kwa wapagazi, kwa padri, nimewaambia. Feliksi akauliza klachi ni nini, nikamwambia ni aina ya kijiko.

Ukifika kwenye kona punguza mwendo. Siyo sana.

Melania

Morogoro
11 Julai 1966

Mke wangu,

Shikamoo. Naandikia juu ya boneti ya gari, na ukiona karatasi ina vumbi ni la jana.

Tulianza asubuhi, magari kumi na tisa. Mpaka Morogoro tulikuwa katikati, kwa sababu kwenye lami wenye magari mapya walitupita. Bwana Bonaventura anasoma ramani vizuri sana, ila kila kona anasema "nadhani". Nikamwambia bwana, kwenye ramani usidhani, sema kushoto au kulia. Akasema sawa fundi.

Halafu mlima. Bibi, vumbi jekundu, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine mashamba ya migomba yako chini kabisa. Kwenye kona tano za kwanza tuliwapita wengi. Kwenye kona ya sita, lori la ndizi limekwama katikati ya njia. Magari manne yamesimama mbele yetu kwenye mwinuko mkali, pua juu. Wanakijiji wakalisukuma lori pembeni, ikabaki nafasi ya gari moja. Sasa kila mtu aondoke kutoka kusimama, kwenye mwinuko ule. Wa kwanza akaondoka. Wa pili akaanza kubembeleza klachi yake, moshi ukatoka chini, gari likarudi nyuma kidogo kidogo mpaka wakaliwekea jiwe. Wa tatu vivyo hivyo. Wa nne alizima injini akashuka kabisa, na wanakijiji wakayasukuma yote matatu ukingoni. Harufu ilikuwa ile ile ya gerejini kwetu, ya mwezi wa tano.

Nikaisikia springi chini ya unyayo. Nikainua mguu mara moja. Bwana alisema kitu cha Kilatini, ramani ikaruka ikaenda migombani. Tukapita kati ya lori na ukuta, ndizi zikatugonga usoni, na wale wanakijiji wakapiga vigelegele kama harusini. Kutoka pale Bwana alishikilia mlango kwa mikono miwili, hakusema tena "nadhani". Sahani haikuteleza hata mara moja mpaka juu. Nikaligusa kasha la klachi kwa mkono tulipofika, nikaungua, nikafurahi.

Jioni wakasoma majina uwanjani kwa kipaza sauti, wakubwa wa mkoa wamekaa. Fomu ilijazwa mwezi wa nne, kwa hiyo dereva wa gari letu akasomwa Bonaventura. Watu wakapiga makofi. Nikajiambia haidhuru, mimi na Bibi tunajua. Bwana akainuka akaenda mbele kupokea. Alipofika, akaomba kipaza sauti. Nikadhani anashukuru. Akasema, "Mmekosea jina. Aliyeendesha ni Leodgar wa Kibirizi, Kigoma. Mimi nilishika ramani, nayo niliipoteza." Akasimama pale mpaka karani akafuta kwa kalamu na kuandika upya. Akaniita. Nilikwenda na mikono ya vumbi nikapeana mikono na wakubwa wote.

Treni inapiga filimbi, nampa mtu barua hii.

Mume wako,
Leodgar

Kibirizi, Kigoma
17 Julai 1966

Leodgar,

Marahaba. Agnesi amesoma barua yako mbele ya watu kama arobaini, wengine walipanda juu ya vichanja, vichanja viwili vimevunjika. Kwenye lori la ndizi watu walisimama. Kwenye jina lako, mimi nilijifunika kanga uso, mtu asiniulize kwa nini.

Sasa. Kurasa nne. Vumbi umeandika, ndizi umeandika, Kilatini umeandika. Watu wote arobaini wameniuliza mmekuwa wa ngapi, Agnesi amegeuza karatasi mbele na nyuma, haimo. Mjinga wewe.

Tuma telegramu.

Melania

TELEGRAMU
DAR ES SALAAM 22 JULAI 1966
WA PILI
LEODGAR

Kibirizi, Kigoma
23 Julai 1966

Mume wangu Leodgar,

Wa pili. Nimepita Kibirizi yote nikiwatangazia, wamecheza mpaka jua likazama.

Sasa nimekaa, nimefikiri. Huyo wa kwanza ni nani, na bibi yake ni nani?

Melania